Firigisi ya Mama Mkwe

Ijumaa, 26 Desemba

Nimelala stoo. Kati ya magunia ya mpunga na plau. Panya wamenipita juu usiku kucha bila hodi. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na leo sina ruhusa ya kuingia sebuleni!

Sababu ni Mama Mkwe. Bibi Epifania, mama yake Scolastika wangu. Mvua za wiki iliyopita zimeangusha ukuta wa jiko lake kule kijijini. Scolastika akasema mama yake hawezi kupika sikukuu chini ya turubai, akamleta hapa kwetu Ushirombo hadi Mwaka Mpya upite. Nilikubali. Ningekataaje? Ila kwetu Mhunze nilikozaliwa, na kwao hapa pia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Hawali pamoja. Hawapeani mkono. Hawalali chini ya paa moja. Nikimwona njiani nachepuka vichakani, naye akiniona anajifunika kanga. Ndiyo heshima. Sasa jaribu kuheshimiana hivyo kwenye nyumba yenye ua mmoja na choo kimoja!

Tumewekeana utaratibu. Yeye akitoka, anakohoa. Mimi nikitoka, napiga mluzi. Jana, Krismasi yenyewe, alikohoa mara nyingi mpaka jirani yetu Martina akaleta tangawizi na kuuliza kama mgonjwa amepelekwa hospitali.

Yote haya nayavumilia kwa ajili ya firigisi.

Niandike vizuri, hata wajukuu waje waelewe. Kila Mwaka Mpya Mama Mkwe anapika jogoo kwa mkono wake. Firigisi ya jogoo huyo haikai sufuria moja na nyama nyingine. Anaiweka kwenye sahani ndogo, anaifunika, anampa mtoto aipeleke kwa mkwe. Mkwe mmoja tu! Anayeipata ndiye mkwe mkubwa mwaka mzima. Kwenye kikao cha ukoo akisafisha koo, watu wananyamaza. Tangu nimeoa, sahani hiyo inakuja kwangu. Ni haki yangu, maana nimemwoa mtoto wa kwanza.

Leo asubuhi kaingia Denis. Huyu kamwoa Ritha, mdogo wake Scolastika, mwaka jana tu. Wamekuja wote wawili, wamefikia gesti. Anatoka Katoro, ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu, ana gari, na ana meno meupe kupita mahitaji. Kashusha jiko la gesi. Kashusha vitenge. Kashusha kiti cha kubembea! Na mimi kanipa shati jekundu, sawasawa na lake alilovaa. Nikamshukuru. Sitalivaa hata nikibaki uchi.

Mama Mkwe kacheka huko ndani kwa furaha. Nimemsikia kwa masikio yangu. Mimi Krismasi nilimpa ndoo. Sawa, ndoo, lakini yenye mfuniko.

Halafu Nelly, binti yangu, kaja stoo na ujumbe. Bibi kasema mwaka huu haangalii nani alioa kwanza. Firigisi itakwenda kwa mkwe atakayemfurahisha kuliko mwenzake. Nikamwuliza Nelly kama bibi alikuwa anatania. Kasema hajui, alikuwa anabembea.

Basi. Denis amekuja kuninyang'anya sahani yangu. Atajuta. Mimi ni mtu wa mikakati.

Jumamosi, 27 Desemba

Mvua usiku, jua asubuhi. Hali ya hewa ya kumbikumbi!

Scolastika aliwahi kuniambia mama yake anaweza kuacha nyama ya mbuzi mezani akafuata kumbikumbi wa kukaanga wenye chumvi. Denis ni mtu wa mawe. Habari za kumbikumbi atazijulia wapi? Nikacheka peke yangu stoo.

Nyuma ya choo kuna kichuguu. Namna yake ni rahisi: unafunika kichuguu kwa blanketi, unanyunyiza maji, unapigapiga vijiti. Kumbikumbi wanadhani mvua inanyesha, wanatoka, unawakusanya. Nikavua shati langu la sikukuu, nikalitundika kwenye uzio. Kisha nikaingia na mimi chini ya blanketi, niwapigie kwa karibu. Scolastika kasema hajawahi kuona mtu anaingia. Mke wangu ni mwema lakini si mtu wa mikakati.

Nikapiga vijiti. Vikakolea. Nikaongeza na wimbo wa kulimia tuliokuwa tunaimba Mhunze. Kwa ajili ya wimbo huo sikusikia kikohozi.

Mama Mkwe alikuwa anakwenda chooni. Kasimama. Kamwuliza Nelly kwa nini kichuguu kinaimba. Nelly, mtoto mkweli bila sababu, kasema ni baba. Mama mkwe mwingine angekimbia. Huyu kaagiza kiti! Kasema ameona blanketi, hajamwona mkwe, kwa hiyo mila haijavunjwa, na kwamba tangu azaliwe hajapata kusikiliza kichuguu. Wakamletea kile cha kubembea.

Mimi huko chini tumbo wazi. Nitoke vipi? Nikaendelea kupiga. Kumbikumbi hawakutoka hata mmoja. Wakaja siafu! Wakapanda suruali kimyakimya, wakangojana, walipofika wote wakauma pamoja. Wimbo ukapanda. Nelly anasema hapo ndipo bibi alipopiga makofi.

Nikatimua mbio na blanketi kichwani. Sikuona kamba ya nguo. Nikaibeba. Nikafika kwa jirani Ngassa nikiwa na blanketi, siafu, na gauni la Scolastika shingoni. Ngassa ni mtu muungwana. Hakuuliza kitu, kanikaribisha kiti tu. Sikuweza kukaa.

Niliporudi, mbuzi wa Ngassa alikuwa amekula kola ya shati langu na mkono mmoja.

Jioni Denis kaleta kumbikumbi ndoo nzima. Kawatoa wapi? Kanunua sokoni! Kaenda, kanunua, karudi. Hakuna jasho, hakuna ujuzi, hakuna aibu. Na kawaleta kwenye ndoo yangu, ile ya zawadi, yenye mfuniko.

Nelly anasema bibi amecheka mchana kutwa. Nimeona nisiulize alikuwa anacheka nini.

Jumapili, 28 Desemba

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi. Naandika hivyo hivyo.

Leo ilikuwa Sikukuu ya Familia Takatifu. Mkakati ulikuwa safi: nisihangaike kupanda, nimshushe Denis. Mama Mkwe akija misa ya parokiani hukaa upande wa kushoto, penye nguzo, na sikukuu kanisa linapofurika benchi lililo mbele yake hupewa wanaume. Nikawahi mapema. Nikamwambia mama mmoja anayepanga watu kwamba kuna mgeni wetu kutoka Katoro, mwanaume mwenye shati jekundu, tafadhali amkalishe benchi lile, hata akigoma. Niliwaza: Denis akigeuka kidogo tu, macho yake na ya Mama Mkwe yatagongana mbele ya kanisa zima. Kwisha habari yake!

Nikarudi nyumbani kuvaa. Shati la sikukuu halina kola wala mkono mmoja. Mengine yote Scolastika kayaloweka. Lililobaki ni jekundu la Denis. Nikagoma. Scolastika kanitazama. Nikavaa.

Denis kaja na shati jeupe.

Sitaki kuandika jinsi yule mama alivyonishika mkono pale mlangoni. Nilimweleza kwamba mgeni si mimi. Kasema ameambiwa nitagoma. Ana nguvu, yule mama. Nikajikuta nimeketi, watu wamebanana kushoto na kulia, na nyuma yangu nasikia kikohozi ninachokijua.

Nikakaza shingo. Padre kahubiri vizuri sana juu ya heshima katika familia, watu walisema. Mimi nilikuwa nahesabu vigae ukutani. Nilijiapiza kwamba wakati wa kutakiana amani sigeuki, hata paa lishuke.

Wakati wa amani ukafika. Mtu kanigusa begani.

Jamani, mtu akikugusa begani wakati wa amani unageuka! Toka utoto tunageuka! Nikageuka na mikono miwili mbele, nikasema Amani ya Kristo kwa sauti ya kiume. Nikashika mkono mdogo, mkavu, wenye joto. Sauti ikajibu kwamba iwe nami pia, mwanangu. Alikuwa amevua miwani anaifuta kwa ncha ya kanga. Akaivaa.

Tukatazamana.

Ana macho ya Scolastika. Yale yale kabisa! Nimeoa kwao miaka yote hii na sikujua.

Kisha akajifunika kanga yote mpaka magotini, na mimi nikaruka mabenchi. Kwaya haikukatiza wimbo, lakini sauti ya kwanza yote ilikuwa inanitazama mimi badala ya mwalimu wao. Mlangoni nikampita Denis. Meno yote nje.

Jumatatu, 29 Desemba

Kesi imesikilizwa uani. Mzee Jilala, kaka yake Mama Mkwe, kaja na baiskeli kutoka kijijini alfajiri. Habari zilimfikia jana ile ile, maana mtu akimshika mkono mama mkwe wake habari haisubiri kukuche. Nikampigia magoti, shikamoo. Kaitikia marahaba kama mtu anayemsamehe mwizi wa ng'ombe.

Nilijitetea vizuri. Nilisema Kanisa ndilo lililoagiza tutakiane amani. Mzee Jilala kasema Kanisa liliagiza amani, halikuagiza mikono miwili. Nikasema niliguswa begani. Kauliza nani aliyenigusa. Kutoka ndani ya nyumba kikasikika kikohozi kimoja, kifupi. Mzee Jilala kasikiliza, kafikiri, kasema kikohozi hicho hakimo katika mwenendo wa kesi.

Denis alikuwepo. Kanitetea! Kasema kaka Masele ni mtu wa ibada, alizidiwa na Roho. Sijui alitaka nini. Mtu anayekutetea bila kuombwa mwangalie mara mbili.

Hukumu: jogoo mwekundu mmoja wa kuondoa mkosi. Apikwe Mwaka Mpya. Maana yake nini? Maana yake huyo ndiye atakayekuwa jogoo wa firigisi!

Na jogoo mwekundu hapa nyumbani ni mmoja tu. Mkurugenzi.

Mkurugenzi si kuku, ni mtumishi. Anawika saa kumi na moja bila kukosa. Analala juu ya tandiko la baiskeli yangu, nami sijawahi kumfukuza. Amewatia adabu majogoo wa mtaa mzima. Nimtoe Mkurugenzi achinjwe, halafu firigisi yake ifunikwe vizuri ipelekwe kwa Denis? Yaya! Hata kidogo.

Jioni nimemfunga miguu, nimemficha ndani ya koti, nimempeleka kwa Ngassa. Nimemwomba amtunze mpaka Mwaka Mpya upite. Ngassa kakubali bila kuuliza. Yule bwana angekuwa kaka yangu.

Kesho nitamkabidhi Mzee Jilala kuku mwingine. Kuku ni kuku.

Jumanne, 30 Desemba

Kuku si kuku. Nimejifunza leo. Basi.

Nilimpata kuku wa kisasa kwa kijana anayefuga. Mweupe, mnene, mpole. Nikamweleza Mzee Jilala kwamba wekundu ni neno pana. Kamgeuza kuku huku na huku. Kamweka chini. Kuku kakaa. Kamsukuma kwa fimbo. Kuku kakaa tena, upande wa pili. Mzee Jilala kasema kiumbe huyu hajawahi kugombana na mtu maishani mwake, ataondoaje mkosi? Kisha kauliza jogoo wangu mwekundu yuko wapi. Nikasema amesafiri.

Scolastika alikuwa anachambua mchele. Kaacha kuchambua. Kasema Baba Nelly, kuku amesafiri kwenda wapi? Nikasema mambo ya kuku ni mengi.

Ndipo gari la Denis likaingia.

Denis kashuka na jogoo. Mwekundu, mkubwa, kifua mbele. Kasema ameona si vizuri Mwaka Mpya ufike mikono mitupu, akazunguka mtaani kutafuta jogoo wa Mama, bahati nzuri kampata hapa jirani tu, kauziwa na mama Martina. Martina ni mke wa Ngassa! Ngassa kaenda shambani kupalilia mahindi, hakumwambia mkewe kitu. Ule uungwana wake wa kutouliza, kumbe ni wa kutosema pia!

Nikajikaza. Nikasema jogoo mzuri, hongera sana. Nikamfanyia Mkurugenzi ishara kwa jicho.

Denis kamfungua kamba. Mkurugenzi kajipukuta. Katutazama sote, mmoja mmoja. Kisha katembea taratibu, kapita katikati ya kikao, karuka juu ya tandiko la baiskeli yangu, kawika.

Nelly kapiga kelele Mkurugenzi amerudi safari!

Mzee Jilala kacheka mpaka kofia ikaanguka. Denis kacheka. Ritha kacheka. Scolastika kacheka huku anasema hii ni aibu, hii ni aibu. Ndani ya nyumba kiti kinabembea mbio, nasikia kinavyolia. Kuku mweupe peke yake hakucheka.

Mzee Jilala alipopata pumzi katoa uamuzi. Jogoo amefika, mkosi umekwisha, faini imelipwa. Lakini aliyemleta ni Denis, kwa hiyo heshima ya jogoo ni ya Denis. Yaani Mkurugenzi wangu, firigisi ya Mkurugenzi wangu, na jina juu yake la Denis!

Sili leo. (Nimekula baadaye. Scolastika kaleta matobolwa ya viazi vitamu na maziwa, na kanicheka tena mlangoni.)

Jumatano, 31 Desemba

Siku ya mwisho ya mwaka. Siku ya matope.

Jioni ilikuwa misa ya shukrani ya kufunga mwaka. Mama Mkwe hawezi kutembea na mvua hii. Denis hawezi kumwendesha, naye ni mkwe. Ritha ndiye kaendesha. Kajifunzia Katoro na anaendesha kama wanavyoendesha Katoro. Mama Mkwe kiti cha nyuma, Scolastika na Nelly pembeni. Mimi na Denis tukafuata kwa miguu, mbali kidogo, kila mtu na mwavuli wake na ukimya wake.

Kwenye mteremko wa mahindi ya Ngassa gari likazama. Tairi linazunguka, matope yanaruka mpaka kwenye majani ya mahindi. Ritha kapiga honi. Tukakimbia.

Tumefika nyuma ya gari, Denis kaweka mikono tayari kusukuma, mimi nikamvuta. Kioo cha nyuma! Mama Mkwe kageuka, anatazama nyuma kuona gari limezama kiasi gani. Tukisukuma, uso kwa uso! Tayari nina kesi moja wiki hii.

Mkakati nilioutoa pale sijawahi kuutoa mzuri zaidi. Nikamwambia tugeuke. Tukageuza migongo. Wakwe wawili, tumeegemea buti, tunatazama shamba la mahindi, tunasukuma kinyumenyume! Watu waliokuwa wanakwenda misa wakasimama. Mmoja kauliza kama tunalisukuma au tunalizuia. Tukasukuma. Denis anahesabu, mimi nanguruma. Visigino vinazama. Nikaanza ule wimbo wa kulimia. Denis kaupokea! Kumbe anaujua. Kumbe babu yake alilima huko huko kwetu Kishapu.

Gari likachomoka. Ghafla! Sisi tukabaki na migongo yetu na hakuna gari. Tukaanguka chali, wote wawili, pwaa.

Nilimtazama Denis. Matope mpaka kwenye yale meno. Nikaanza kucheka, naye akaanza, tukashindwa kuamka. Tumelala kwenye matope siku ya mwisho ya mwaka, mvua inatunyeshea midomoni, tunacheka kama watoto. Nasema kweli: nilifurahi. Sijafurahi hivyo tangu harusi yangu.

Kaniambia pale pale kwamba usingizi hapati. Kwao yeye ni mtoto wa mwisho, hajawahi kupewa kitu cha kufunikwa kwenye sahani. Alidhani akileta vitu vingi ataonekana mtu. Nikamhurumia. Nikamwambia mdogo wangu, tuache ujinga. Yeyote atakayeletewa firigisi kesho, akate katikati, nusu kwa nusu. Tukapeana mikono juu ya ahadi hiyo. Mikono miwili.

Misa tumeisikilizia nje, dirishani, kwa sababu ya matope. Nimemshukuru Mungu kwa mwaka. Nimemshukuru hata kwa Denis. Mwaka mpya, moyo mpya. Firigisi ni kipande cha nyama tu.

Alhamisi, 1 Januari

Heri ya Mwaka Mpya!

Saa kumi na moja hakuna aliyewika. Nikaamka mwenyewe, nikatazama tandiko la baiskeli, nikajikaza kiume.

Mchana wote tupo uani. Mvua imekatika, jua safi, harufu ya pilau mpaka barabarani. Ngassa na Martina wamekuja, Ngassa hanitazami. Denis kafungulia muziki kwenye gari, Ritha na Scolastika wanacheza, Mzee Jilala anacheza kwa mabega tu maana magoti yamestaafu. Mimi na Denis tumekaa mkeka mmoja chini ya ukuta, tunangoja. Nimemkumbusha ahadi. Naye kanikumbusha.

Denis kaenda kunawa.

Nelly katoka jikoni na sahani ndogo, imefunikwa kwa bakuli. Muziki ukazimwa. Kapita kwa Mzee Jilala. Kapita mbele ya kuku mweupe, ambaye bado amekaa pale pale tangu juzi. Kaja mkekani. Kapiga magoti. Kaweka sahani mbele yangu.

Mbele yangu!

Kasema ana ujumbe, na kaambiwa autoe kwa sauti watu wote wasikie, basi kausema kwa kichwa. Bibi anasema vitenge ni vizuri, jiko la gesi ni zuri, kiti ndiyo usiseme, na kumbikumbi walikuwa watamu, wabeja sana, asante Denis. Lakini tangu babu afariki, watu wote wanamheshimu kwa kumkimbia. Kwenye amani huwa wanampungia kwa mbali. Mwaka huu mtu mmoja alimshika mkono, mikono miwili, akamtakia amani kama mtu. Asirudie, ni mwiko. Lakini firigisi ni yake.

Mzee Jilala kasafisha koo, kavua kofia. Scolastika kajifuta macho na upande wa kanga. Macho yale yale! Na mimi, siandiki uongo hapa, machozi yalinitoka, nikasema ni moshi, na upande wetu hakukuwa na moshi.

Kutoka jikoni kikaja kikohozi. Nikajibu kwa mluzi mmoja mdogo. Ulitoka na machozi, ukawa kama wa ndege mgonjwa. Watu wakapiga vigelegele.

Nikafunua bakuli. Firigisi nzima, imekaangwa, ina pilipili juu. Ikanukia. Nikakumbuka ahadi. Nikatazama kule bombani: Denis bado ananawa. Ananawa mpaka viwiko, mtu wa watu. Nikasema nitaonja tu kipembe, nione chumvi.

Mkurugenzi alikuwa mtamu sana.

Denis karudi, mikono inadondosha maji, anatabasamu. Katazama sahani. Kanitazama mimi. Nikamweleza kwamba Mkurugenzi, kwa ukubwa wake wote, alikuwa na firigisi ndogo ajabu, isiyogawanyika. Kachukua bakuli tupu, kalinusa, kalirudisha.

Ila sasa hivi, wakati naandika haya stoo, nimemsikia dirishani. Anamwuliza Nelly kwa sauti ya chini: misa ya Pasaka, bibi huwa anakaa benchi lipi? Na Nelly, mtoto mkweli, anamwelekeza mpaka nguzo!

Loo, Denis! Msaliti mkubwa! Na mikono tulipeana!

Ajaribu. Pasaka nitawahi alfajiri, kabla ya kengele. Nitavaa lile shati jekundu. Na safari hii sitangoja kuguswa begani.